Diski bandia ya shingo: kipimo kinachoamua kama shingo itageuka

Mgonjwa anayezinduka kutoka usingizi wa nusukaputi baada ya kuwekewa diski bandia shingoni huwa na matarajio mawili. La kwanza ni kwamba maumivu yaliyokuwa yakishuka kutoka begani hadi vidoleni yatakoma. La pili ni kwamba shingo yake itaendelea kuinama, kuinuka na kugeuka kama ya mtu mwingine yeyote. Tarajio la kwanza hutimizwa hasa na mkono wa daktari, unaoondoa kile kilichokuwa kikiibana neva. La pili hutegemea kipimo. Diski iliyo nene kupita kiasi, au iliyo ndogo kuliko mfupa unaoibeba, au iliyoketi pembeni kwa milimita mbili tatu, yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuleta madhara ya wazi na bado isijongee. Diski bandia isiyojongea imekosa sababu ya kuwapo.

Wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaopewa shauri la upasuaji wa aina hii huulizia gharama, huulizia hospitali, huulizia kama ni lazima wasafiri hadi India. Ni maswali ya haki. Makala haya yanahusu swali jingine ambalo huulizwa mara chache, ingawa kwa fundi cherehani kila mtu huliuliza bila kufikiri: je, itanienea?

Pingili saba, diski sita

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Madaktari huzitaja kwa herufi C na namba, kuanzia C1 iliyo chini ya fuvu hadi C7, ambayo kinundu chake hupapasika kwa kidole chini ya ukosi wa shati. Kati ya fuvu na C1 hakuna diski, wala kati ya C1 na C2. Kuanzia hapo kwenda chini, kila pingili hutenganishwa na jirani yake kwa diski, na ukiijumlisha ile iliyo kati ya C7 na pingili ya kwanza ya kifua, diski za shingo ni sita. Kila moja ni pete ngumu ya nyuzinyuzi yenye kiini laini katikati, na unene wake katika mtu mzima mwenye afya ni takriban milimita tano au sita.

Hapa mfasiri hana budi kusimama kidogo. Kiswahili cha kila siku hutumia maneno “uti wa mgongo” kwa mambo matatu: safu ya mifupa, kamba ya neva inayopita ndani ya safu hiyo, na hata homa inayoshambulia utando unaoifunika kamba hiyo. Katika habari fupi mkanganyiko huo huvumilika. Katika maelezo ya upasuaji hauvumiliki, kwa sababu mifupa ndiyo inayofanyiwa kazi na kamba ndiyo isiyopaswa kuguswa. Katika makala haya, basi, uti wa mgongo ni mifupa, na kamba ya neva tutaiita ugwe wa mgongo.

Diski zinazochakaa mapema kuliko nyingine ni zile zilizo kati ya C5 na C6, na kati ya C6 na C7. Kiini chake huweza kuchomoza kupitia ufa wa pete na kuibana neva inayokwenda mkononi. Mgonjwa huhisi maumivu makali, ganzi, au udhaifu wa kushika kikombe. Kikiubana ugwe wenyewe, hali huwa nzito zaidi, kwani miguu nayo hulegea na mwendo huharibika. Wengi wenye tatizo la neva moja hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na subira ya majuma kadhaa. Upasuaji ni kwa wale ambao maumivu yamekataa kuondoka, au ambao nguvu za mkono au mguu zinapungua.

Njia ya kuifikia diski kupitia mbele ya shingo ilielezwa na madaktari wa Marekani katika miaka ya 1950: George Smith na Robert Robinson huko Baltimore, na Ralph Cloward huko Hawaii. Daktari hupasua ngozi upande wa koo, husogeza umio na koromeo, huondoa diski iliyoharibika, kisha hujaza nafasi iliyobaki kwa kipande cha mfupa ili pingili mbili ziungane na kuwa moja. Upasuaji huo bado unafanywa kote duniani na matokeo yake ni mazuri. Mtu aliyeunganishwa pingili mbili tu kwa kawaida hahisi upungufu mkubwa, kwa kuwa karibu nusu ya mgeuko wa kichwa kwenda kulia na kushoto hutokea kati ya C1 na C2, mbali na mahali palipounganishwa.

Hofu ilikuwa juu ya majirani. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa 374 waliounganishwa pingili za shingo waliripoti kwamba kila mwaka takriban asilimia 2.9 kati yao walipata dalili mpya kutoka diski zilizo karibu na muungano. Wataalamu hawajakubaliana ni kiasi gani cha uchakavu huo kinaletwa na muungano na ni kiasi gani ni uzee tu unaoendelea na safari yake. Lakini takwimu hiyo iliipa nguvu hoja ya zamani: kwa nini tusiweke kitu kinachojongea?

Mipira ya chuma

Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa, na mojawapo ya majaribio ya mwanzo yalifanyika barani Afrika. Mwaka 1964, Hjalmar Reitz na Mauritius Joubert walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Kusini taarifa ya wagonjwa wenye maumivu ya kichwa, shingo na mikono ambao diski zao za shingo ziliondolewa na nafasi zake kuchukuliwa na mipira ya chuma. Katika muongo huohuo Ulf Fernström wa Sweden alikuwa akitumia mipira kama hiyo, zaidi katika kiuno.

Mpira hugeuka pande zote, na kwa mawazo ya karatasini hakuna umbo bora kuliko hilo. Kasoro yake ni kwamba hugusa mfupa mahali padogo sana. Uso wa pingili una gamba jembamba katikati na ukingo mgumu pembezoni, mithili ya chungu kinachokaa juu ya mafiga: chungu kikiwa kidogo kiasi cha kutoyafikia mafiga, hudumbukia motoni. Mipira mingi ilizama ndani ya mifupa, nafasi ikafungika, na mbinu ikaachwa. Somo la kwanza la kipimo lilikuwa limepatikana, ingawa miaka mingi ilipita kabla ya mtu mwingine kulifanyia kazi kwa dhati.

Mtu huyo alikuwa Brian Cummins wa hospitali ya Frenchay mjini Bristol, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kushirikiana na idara ya uhandisi ya hospitali hiyo, alibuni kiungo cha chuma kisichoshika kutu chenye sehemu mbili, moja ikiwa na kichwa cha mviringo na nyingine ikiwa na kikombe cha kukipokea, kama paja linavyoingia katika nyonga. Kilifungwa kwa skrubu mbele ya pingili. Mwaka 1998 Cummins na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 20. Viungo viliendelea kujongea kwa wagonjwa wote isipokuwa wawili.

Hao wawili ndio wanaotuhusu. Wote waliwekewa kiungo kati ya C6 na C7, na picha zilionyesha kwamba kiungo kilikuwa kikubwa mno kwao, kiasi cha kuvitenganisha kabisa viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili. Waandishi wa taarifa waliandika wazi kwamba walishuku kutolingana huko kwa ukubwa ndiko kulikoondoa mjongeo. Kilichokosekana ni saizi ya pili ya kuchagua. Ni nadra kwa wabunifu wa kifaa kuandika kasoro yake kwa unyofu namna hiyo, na wengi waliokuja baadaye walinufaika nao.

Kizazi kilichotokana na kiungo cha Bristol, kwa jina la Prestige, kilifanyiwa jaribio nchini Marekani lililowahusisha wagonjwa 541, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ikakiidhinisha Julai 2007. ProDisc-C ilifuata Desemba mwaka huohuo, Bryan mwaka 2009, na Mobi-C mwaka 2013, ikiwa ya kwanza kuruhusiwa huko kwa diski mbili zinazofuatana. Safari hii kila kifaa kilikuja na sanduku la saizi.

Saizi zilipimwa kwa nani?

ProDisc-C, kwa mfano, hutengenezwa kwa maumbo sita ya uso, kuanzia milimita 15 kwa 12 hadi 19 kwa 18, na kila umbo lina vimo vitatu: milimita 5, 6 na 7. Hizo ni saizi 18. Bryan, ambayo ni duara, ina vipenyo vya milimita 14 hadi 18. Kwa mtu anayeangalia orodha hiyo, yaonekana hakuna shingo itakayokosa yake.

Lakini jedwali la saizi huanzia kwenye vipimo vya mifupa, na mifupa ilikuwa ya watu fulani. Kazi inayotajwa mno katika fani hii ilichapishwa mwaka 1991 na Manohar Panjabi na wenzake wa chuo kikuu cha Yale. Walipima kwa uangalifu mkubwa pingili za kati na za chini za shingo, na idadi ya shingo walizopima ilikuwa 12. Hakuna dosari katika kupima 12. Dosari ni kusahau kwamba zilikuwa 12. Mwaka 2004 watafiti wa Singapore walipima pingili za watu wa asili ya Kichina wa nchi hiyo na wakazikuta ni ndogo kuliko zile zilizopimwa katika nchi za Magharibi.

Mtu angetarajia, basi, kwamba malalamiko yangetoka Asia, na kwamba yangehusu diski kubwa mno. Mwaka 2013 madaktari wa Innsbruck, Austria, walichapisha jambo lililoelekea upande mwingine. Walichukua picha za CT za shingo za wagonjwa wao, wakapima nyuso za pingili kutoka mbele hadi nyuma na kutoka upande hadi upande, kisha wakalinganisha na saizi za vifaa vinne vilivyokuwa sokoni. Katika zaidi ya nusu ya ulinganisho, hata saizi kubwa kuliko zote ya kifaa ilikuwa ndogo kuliko mfupa. Tatizo lilizidi chini ya shingo, yaani kati ya C5 na C7, mahali ambapo upasuaji hufanywa zaidi kuliko popote.

Kwa maneno mengine, jedwali moja lilikuwa kubwa kwa wengine na dogo kwa wengine, na watengenezaji wameongeza saizi tangu wakati huo. Anayetibiwa Kigali, Kisumu au Bukavu hapaswi kudhani kwamba yumo katika jedwali lililotengenezwa mbali, wala hapaswi kudhani kwamba hayumo. Wastani wa bara au wa kabila haumsaidii sana. Pingili za wanawake kwa kawaida ni ndogo kuliko za wanaume, na ndani ya ukoo mmoja shangazi mfupi na mpwa wake mrefu huweza kutofautiana zaidi ya wastani wa mataifa mawili. Jibu lake limo katika picha yake mwenyewe.

Kupima kabla ya kisu

Picha ya kwanza huwa ya eksirei, mgonjwa akiwa amesimama, kisha akiinama, kisha akiinua kidevu. Picha hizo mbili za mwisho humwonyesha daktari kama diski inayolengwa bado ina mjongeo wowote, na kama pingili zinateleza moja juu ya nyingine. Picha ya MRI huonyesha neva, ugwe na diski zenyewe. Picha ya CT ndiyo ya mifupa, na ndiyo yenye vipimo vya kutegemewa. Eksirei huikuza taswira, kwa sababu shingo iko mbali kidogo na bamba la kupokea picha. Anayechukua rula na kupima moja kwa moja juu ya eksirei isiyosawazishwa atachagua diski kubwa kuliko inayohitajika.

Vipimo vinavyotafutwa ni vitatu, na kila kimoja kina mpaka wake. Kina, yaani kutoka mbele hadi nyuma, mpaka wake ni ugwe wa mgongo; diski ifike karibu na ukingo wa nyuma wa mfupa, isiuvuke. Upana mpaka wake ni kingo mbili za mfupa zinazoinuka kulia na kushoto kwenye uso wa juu wa kila pingili, kama kingo za sinia, na nje ya kingo hizo hupita mishipa mikubwa ya damu inayopanda ubongoni. Kimo mpaka wake hauonekani kwa urahisi, na ndicho kinachowakosesha wengi.

Diski iliyochakaa imebonyea. Daktari huona nafasi ya milimita tatu na hushawishika kuifungua sana, kwani kadiri nafasi inavyofunguka ndivyo tundu la neva linavyopanuka. Lakini nyuma ya kila pingili kuna viungo viwili vidogo vinavyoelekeza mjongeo, na kano zinazovishikilia zina urefu wake. Diski ikiwa nene mno, kano hukazika kama kamba za kitanda kilichowambwa upya, viungo vidogo huachana, na shingo hukataa kujongea hata kama kifaa chenyewe kinaweza. Ndicho kilichowapata wagonjwa wawili wa Bristol. Kanuni inayofuatwa sasa ni kutazama diski yenye afya iliyo jirani, juu au chini, na kutoipita kwa kimo. Palipo na shaka kati ya saizi mbili za kimo, wengi huchagua ile fupi.

Kwa upana na kina, mwelekeo ni kinyume chake: ichaguliwe kubwa kuliko zote itakayoenea bila kuvuka mipaka, ili uzito uangukie kwenye ukingo mgumu wa pingili. Diski ndogo mno huleta madhara mawili. Huweza kuzama mfupani, kama mipira ya zamani. Pia huacha sehemu ya uso wa mfupa wazi, na mfupa ulioachwa wazi huwa na tabia ya kuota. Mfupa mpya hutambaa mbele au nyuma ya kifaa, na ukifika mwisho wa safari yake huziunganisha pingili kama vile diski bandia haikuwapo. Madaktari huupanga uotaji huo katika daraja kuanzia sifuri hadi nne. Daraja la nne ni muungano kamili. Mgonjwa wa daraja la nne huenda asihisi maumivu yoyote. Amepata kwa njia ndefu na ya gharama kile ambacho kipande cha mfupa kingempa.

Umbo la nyuso nalo lina neno. Uso wa chini wa pingili ya juu umebonyea kama ganda la kombe, ilhali ule wa juu wa pingili ya chini ni bapa zaidi katikati. Vifaa vingi vina nyuso bapa, au vyenye mbinuko mdogo. Pengo linalobaki katikati laweza kupunguzwa kwa kusaga mfupa kidogo, lakini kila sehemu ya milimita inayosagwa ni sehemu ya lile gamba linalotegemewa kubeba mzigo. Daktari mwangalifu husaga vijiba vya uchakavu na kuliacha gamba lenyewe.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa hulazwa chali. Namna anavyolazwa ni sehemu ya kipimo: shingo ikiinuliwa mno, pingili hufunguka mbele na diski itakayowekwa itakuwa nene, ikiinamishwa, kinyume chake hutokea. Mabega huvutwa chini na kufungwa kwa plasta pana, kwa sababu kwa mtu mwenye shingo fupi na mabega mapana eksirei ya upande haiwezi kupenya kuionyesha C7. Hilo laonekana dogo, lakini daktari asiyeiona C7 anaweka diski kwa kukisia.

Diski iliyoharibika ikishaondolewa na neva kuachwa huru, daktari hutafuta mstari wa kati, kwa kutazama zile kingo mbili za sinia na kwa kuthibitisha kwa eksirei ya mbele. Kifaa kilichokaa upande mmoja huinamisha mzigo upande huo. Kisha huja vipande vya kujaribia, ambavyo ni nakala za saizi zilizomo sandukuni. Kipande huingizwa, eksirei hupigwa, kipande hutolewa, kingine huingizwa. Pini zilizotumika kuzitenganisha pingili wakati wa kazi hulegezwa kwanza. Pini zikiwa zimekazwa, kila saizi huonekana inaenea. Na kwa kuwa misuli ya mgonjwa imelegezwa na dawa, nafasi hufunguka kuliko itakavyokuwa atakaposimama.

Baadhi ya vifaa vina ulimi wa chuma unaoingia katika mfereji uliochongwa kwenye mfupa. Ulimi hushika vizuri tangu siku ya kwanza. Lakini pingili fupi yenye mifereji miwili, mmoja juu na mmoja chini, ni kama ubao uliopigwa patasi pande zote mbili, na kupasuka kwa pingili za aina hiyo kumeripotiwa kwa wagonjwa waliowekewa diski zinazofuatana. Kwa mifupa midogo, vifaa vyenye meno mafupi badala ya ulimi vina hoja upande wake.

Jambo la mwisho ni mhimili. Pingili ya shingo inapoinama haizunguki katikati ya diski, bali huzunguka juu ya nukta iliyo chini zaidi, ndani ya mwili wa pingili ya chini, na nyuma kidogo ya katikati. Ndiyo maana kifaa husukumwa nyuma kadiri usalama wa ugwe unavyoruhusu. Kilichoachwa mbele hulazimisha viungo vidogo kuzunguka njia isiyo yao.

Ambao diski bandia haiwafai

Hakuna saizi inayoweza kumwenea kila mtu, hata sanduku likiwa kubwa namna gani. Mwenye mifupa iliyodhoofika hafai, kwani hata diski ya kipimo sahihi itazama. Mwenye viungo vidogo vya nyuma vilivyochakaa hafai pia, kwa sababu kurudisha mjongeo ni kurudisha maumivu. Pingili zinazoteleza, maambukizi, mzio wa metali iliyomo katika kifaa, na nafasi iliyobonyea kiasi cha kutojongea tena, vyote humwelekeza daktari kwenye muungano. Wagonjwa huipokea habari hiyo kama wamenyimwa kilicho bora. Sivyo. Kwa shingo zao, kilicho bora ni muungano, na daktari anayesema hivyo baada ya kutazama CT anastahili kusikilizwa kuliko yule anayeahidi kifaa kabla ya kuitazama.

Watu huuliza pia kuhusu uchapishaji wa maumbo kwa kompyuta, kwamba je, kila mtu hawezi kutengenezewa diski ya mifupa yake? Mwaka 2014, katika hospitali ya tatu ya chuo kikuu cha Peking mjini Beijing, kundi la daktari Liu Zhongjun lilimwekea mvulana wa miaka 12 mwenye saratani ya mfupa pingili ya C2 iliyochapishwa kwa titani kufuata umbo la shingo yake. Ilikuwa pingili, haikuwa diski, na tofauti hiyo ni kubwa. Kipande kisichojongea kinahitaji kufanana na mfupa tu. Kiungo kinachojongea kina nyuso zinazosuguana kwa mamilioni ya mizunguko, na nyuso hizo sharti zifanyiwe majaribio ya uchakavu mashineni kabla ya kuingia mwilini. Kila umbo jipya ni jaribio jipya. Kinachoonekana karibu zaidi ni sehemu inayogusa mfupa kuchongwa kwa kumfuata mgonjwa, huku sehemu inayojongea ikibaki ya kiwandani.

Anayejiandaa kwa upasuaji huu ana haki ya kuuliza mambo manne kwa lugha ya kawaida: pingili zangu zina kina na upana gani kwa mujibu wa CT, saizi zote zitakuwapo chumbani siku hiyo, au ni zile chache zilizoagizwa, kimo kitachaguliwa kwa kulinganisha na diski ipi, na kama hakuna saizi itakayoenea, daktari atafanya nini wakati shingo iko wazi. Swali la pili lina uzito wa pekee katika nchi ambazo vifaa huagizwa kutoka nje kwa mgonjwa mmoja mmoja. Sanduku likiwa na saizi tatu tu, ya nne haiwezi kuchaguliwa, hata ikiwa ndiyo sahihi. Kwa swali la mwisho, jibu linalotarajiwa ni kwamba vifaa vya muungano viko tayari na mgonjwa ameridhia jambo hilo kwa maandishi.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hupaswa kupewa kadi yenye jina la kifaa, saizi yake, namba ya toleo na kiwango cha pingili kilipowekwa. Kadi hiyo isiachwe hospitalini. Atakayempiga MRI miaka kumi baadaye, pengine katika nchi nyingine, atahitaji kujua metali iliyomo: diski za titani huichafua picha kidogo, ilhali zile za kobalti na kromi huiachia doa jeusi pana, mara nyingi mahali palepale ambapo daktari mpya anataka kuutazama ugwe.